Anayetoa Amri Asimkane Anayeitii



Jeshini swali la nani ni askari wa nani halina kitendawili. Kuruta akishapokea namba yake, hujulikana kikosi chake, kamanda wake, mshahara wake na utaratibu wa kustaafu kwake. Amri hushuka kutoka juu kwenda chini, na wajibu hupanda kutoka chini kwenda juu. Koplo akikosea kwa sababu ya kutii alichoambiwa, sajenti huulizwa, na afisa naye huulizwa. Askari wa Burundi waliotumwa Somalia kuanzia mwaka 2007 walikuwa chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, lakini hata huko ugenini hapakuwa na afisa ambaye angeweza kusema kwamba mtu aliyelinda zamu usiku kucha kwa amri yake alikuwa mpita njia tu, aliyejipeleka kwa hiari yake.

Nje ya kambi, hata hivyo, imezuka duniani aina ya kazi ambayo ndani yake amri ipo, utii upo, na adhabu ipo. Lakini anayeamuru husema waziwazi kwamba anayemtii si mtu wake. Kazi hiyo ni ya madereva wanaoitwa kwa programu za simu. Mjadala juu ya malipo yao, na juu ya jina wanalostahili kuitwa mbele ya sheria, umepita katika mahakama na mabunge ya nchi nyingi kwa muda wa miaka kumi sasa. Ni mjadala unaofaa kufuatwa kwa makini na kila mwenye kulinda usalama wa barabara za Bujumbura, kwa sababu ambazo zitaonekana hapa chini.

Yafaa kwanza kueleza kazi yenyewe. Kampuni ya Uber ya Marekani ilianza kazi mjini Nairobi mwaka 2015, na mwaka 2016 ikafika Kampala na Dar es Salaam. Bolt, ambayo asili yake ni nchi ya Estonia na ambayo zamani iliitwa Taxify, ilifuata njia hiyo hiyo. Kampuni hizo hazinunui magari. Mtu huleta gari lake, au gari la tajiri wake, au gari alilokopa benki, huingiza programu katika simu yake, kisha hungoja. Abiria akibonyeza simu yake, programu humchagua dereva, humwonyesha njia, hupanga nauli, na baada ya safari hukata sehemu ya nauli hiyo kuwa kamisheni ya kampuni. Abiria naye humpa dereva alama. Alama zikishuka, au akikataa safari mara nyingi, dereva aweza kukuta asubuhi moja kwamba simu yake imefungwa na kazi imekwisha. Hapakuwa na barua, wala hakuitwa kujieleza.

Katika mikataba dereva huyo huitwa mshirika, au mtu anayejitegemea. Ni jina zuri la kusikia. Lakini kwa kuitwa hivyo hana kima cha chini cha mshahara, hana likizo, hana matibabu akivunjika mguu kazini, wala hana akiba ya uzee. Kampuni hushirikiana naye katika mapato. Katika hasara humwacha peke yake. Wahenga walikwisha kuliona jambo hili waliposema, mla nawe hafi nawe.

Jirani zetu wa Tanzania waliingia katika jambo hili kwa mlango wa bei. Mwaka 2022 mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, LATRA, ilipanga nauli na kuamuru kwamba kamisheni ya kampuni isizidi asilimia 15. Madereva walishangilia. Kampuni zilinuna. Mwezi wa Aprili mwaka huo Uber ilisimamisha huduma zake Tanzania, na miezi michache baadaye Bolt nayo ilipunguza huduma zake, ikabaki na wateja wa makampuni na mashirika. Kabla ya mwaka kwisha, LATRA iliufikiria upya uamuzi wake, ikaruhusu kamisheni ya asilimia 25 pamoja na ada ndogo ya kuagiza gari. Mwaka 2023 Uber ilirudi.

Maana ya asilimia hizo kwa mfuko wa dereva ni rahisi kuhesabu. Tuseme safari moja ya Dar es Salaam ni shilingi 10,000. Kamisheni ikiwa asilimia 15, dereva hubaki na 8,500; ikiwa asilimia 25, hubaki na 7,500. Lakini hizo 7,500 bado si zake. Ndani yake imo petroli, umo mpira wa gurudumu unaolika, imo bima, umo muda wa maongezi na intaneti, na kama gari si lake, imo hesabu ya tajiri. Kinachosalia baada ya hayo yote ndicho chakula cha watoto. Ndiyo sababu dereva huweza kuonekana ameshika fedha nyingi mchana, na usiku akarudi nyumbani na fedha kidogo.

Kenya nayo ilitoa kanuni mwaka 2022 zilizoweka kikomo cha kamisheni kuwa asilimia 18. Hata hivyo malalamiko hayakukoma, kwa maana kampuni inayozuiwa kuongeza kamisheni yaweza bado kushusha nauli yenyewe ili kuwavuta abiria. Mwaka 2024 madereva wengi wa Nairobi walichoka, wakaanza kubandika ndani ya magari orodha za bei zao wenyewe, zilizo juu ya bei za programu, na kuwaomba abiria wakubaliane nao kabla ya kuondoka. Katika yote hayo lilijitokeza fundisho moja: kugombania asilimia ni kugombania matawi, na shina la mti ni swali la huyu dereva ni nani.

Swali hilo lilijibiwa mjini London. Mwaka 2016 madereva wa Uber, wakiongozwa na Yaseen Aslam na James Farrar, walishinda kesi mbele ya baraza la kazi. Kampuni ilikata rufani, ikashindwa, ikakata tena, hadi kesi ikafika Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza. Tarehe 19 Februari 2021 majaji walitoa hukumu kwa kauli moja. Hawakujifunga na jina lililoandikwa katika mkataba. Walitazama mambo yanavyotendeka. Nani hupanga nauli? Kampuni. Nani huandika masharti ambayo dereva hawezi kuyabadili? Kampuni. Nani humwadhibu anayekataa safari? Kampuni. Nani hutumia alama za abiria kumwondoa dereva kazini? Kampuni. Nani huzuia dereva na abiria wasizoeane nje ya programu? Ni kampuni hiyo hiyo. Basi, walisema majaji, dereva wa namna hiyo ni mfanyakazi anayestahili kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. Na muda wa kazi yake ni tangu anapofungua programu katika eneo lake akiwa tayari kupokea safari, si tangu abiria anapoingia garini.

Kila askari aliyewahi kulinda lango usiku ataielewa hukumu hiyo bila wakili. Saa ambayo adui hakuja ni saa ya kazi kama saa aliyokuja. Anayengoja kwa amri yumo kazini. Baada ya hukumu, Uber ilitangaza Machi 2021 kwamba madereva wake wapatao 70,000 wa Uingereza wangepewa haki hizo; lakini ikasema itahesabu muda tangu dereva anapokubali safari hadi anapomshusha abiria. Madereva waliona kwamba saa za kungoja, ambazo ni sehemu kubwa ya siku, zimebaki nje ya mlango.

Isidhaniwe kwamba dunia nzima ilikwenda upande mmoja. Katika jimbo la California, kampuni zilitumia zaidi ya dola milioni 200 katika kampeni, na mwezi wa Novemba 2020 wapiga kura walikubali sheria inayowahesabu madereva hao kuwa watu wanaojitegemea, ingawa iliwapa dhamana fulani ya kipato kwa muda wa safari. Mahakama ya juu ya jimbo hilo iliiacha sheria hiyo isimame mwezi wa Julai 2024. Afrika Kusini mambo yalikuwa ya namna yake. Mwaka 2017 tume ya usuluhishi wa kazi ilisema kwamba madereva ni waajiriwa. Lakini mwanzoni mwa 2018 Mahakama ya Kazi ilitengua uamuzi huo, kwa sababu kampuni iliyoshitakiwa ilikuwa tawi la Afrika Kusini, na mkataba wa madereva ulikuwa na kampuni ya Uber iliyoko Uholanzi. Dereva alikuwa Cape Town, na aliyemwamuru alikuwa ng'ambo ya bahari.

Pamoja na hayo, mwelekeo umeanza kuonekana. Tangu mwaka 2006 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba uhusiano wa kazi upimwe kwa matendo na si kwa majina ya mkataba. Mwezi wa Oktoba 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba, pale dalili za kuamuru na kusimamia zinapoonekana, mtu atahesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka kampuni yenyewe ithibitishe vingine. Na nchi wanachama zikapewa hadi Desemba 2026 kuiingiza katika sheria zao. Mwezi wa Juni 2025, mkutano wa Shirika la Kazi mjini Geneva ulikubali kwamba kazi za namna hii zitungiwe mkataba wa kimataifa, na mjadala ukapangwa kuendelea mwaka 2026.

Burundi haiko mbali na swali hili, ijapokuwa madereva wengi wa Bujumbura bado huitwa kwa mkono, kwa mluzi, au kwa simu ya kawaida. Msingi wake umekuwapo hapa kabla ya programu yoyote. Motari anayengoja abiria Kamenge au Kanyosha, dereva wa bajaji wa Buyenzi, dereva wa teksi wa Bwiza: wengi wao hawamiliki chombo wanachokiendesha. Chombo ni cha tajiri. Kila jioni tajiri hupelekewa hesabu iliyokwisha kupangwa, na kilichozidi ndicho cha dereva. Siku ikiwa nzuri, dereva hula. Siku ikiwa mbaya, tajiri hula kwanza, na dereva huambiwa alipe deni kesho. Katika watu hao wamo vijana waliotoka mikoani kutafuta riziki, na wamo pia wenzenu wa zamani, waliovua magwanda katika mpango wa kurudisha wapiganaji uraiani ulioanza Desemba 2004.

Uzito wa mpango huo wa hesabu ulionekana wazi katika miaka ya karibuni. Tarehe 21 Machi 2022 ilianza amri ya kuzuia pikipiki, bajaji na baiskeli za abiria zisiingie katikati ya mji, kwa ajili ya kupunguza ajali. Shabaha ya amri ile ilikuwa kulinda maisha ya watu, na ajali za vyombo hivyo hazihitaji kuelezwa kwa polisi aliyepima damu barabarani. Lakini njia zilipopungua, abiria walipungua, na haikuwapo kanuni iliyosema kwamba hesabu nayo ipungue. Kisha petroli ikawa adimu kwa miezi na miaka. Madereva walilala katika foleni za vituo vya mafuta, siku moja, siku mbili, wakilinda nafasi. Kwa tajiri, foleni ile haikuitwa kazi. Ni saa zile zile za kungoja ambazo majaji wa London walizihesabu kuwa kazi, zikimwagika Bujumbura bila faranga hata moja.

Hapa ndipo jambo hili linapomgusa polisi wa barabarani moja kwa moja. Dereva aliyepoteza asubuhi yote katika foleni hutoka akiwa na saa chache za kutafuta hesabu ya siku nzima. Atabeba abiria wawili pale pa mmoja. Atakimbia. Ataahirisha kubadili breki hadi wiki ijayo. Ataendesha usiku akiwa na usingizi. Mwendo kasi una wazazi wengi, na ulevi na ujinga wamo; lakini hesabu isiyojua huruma nayo ni mzazi mmojawapo. Polisi humwona dereva peke yake, kwa kuwa ndiye aliye mbele yake. Anayemsukuma kutoka nyuma haonekani njia panda.

Ajali ikitokea, upungufu wa mpango huo huwa dhahiri zaidi. Mfanyakazi aliyeandikishwa katika INSS, akiumia kazini, ana mahali pa kupeleka madai yake. Motari aliyevunjika mguu huletwa hospitali na wenzake, na wenzake hao hao huchangishana. Mara nyingi pikipiki hurudi barabarani kabla yake, ikiwa na dereva mwingine. Sheria za kutazamwa zipo: tarehe 24 Novemba 2020 Burundi ilirekebisha sheria yake ya kazi, na mwezi wa Mei mwaka huo huo ilipata sheria ya hifadhi ya jamii. Msingi wa sheria za kazi ni ule ule wa kambini: anayefanya kazi chini ya uongozi wa mwingine, kwa malipo, ni mfanyakazi wa huyo mwingine. Kima cha chini chenyewe kinahitaji kutazamwa, maana kile kilichowekwa mwaka 1988 kwa mji wa Bujumbura kilikuwa faranga 160 kwa siku, fedha ambazo leo hazinunui mkate.

Haki inataka upande wa pili nao usikilizwe. Tajiri wa pikipiki si lazima awe tajiri kweli. Huenda ni mwalimu aliyeweka akiba, mjane aliyeuza shamba, au mfanyabiashara mdogo mwenye deni benki. Chombo chake chaweza kuibwa au kuharibiwa na dereva asiyejali. Wapo pia madereva wanaopenda kazi isiyo na bosi wa kuwagongea saa, na hawataki kufanywa makarani. Wanaojitegemea kweli kweli wapo: mwenye pikipiki yake, anayepanga bei yake, anayepumzika apendapo. Huyo aachwe na uhuru wake. Lakini uhuru una alama zake, na mtu anayeambiwa atoke saa ngapi, alete kiasi gani, na ambaye hunyang'anywa ufunguo jioni ile ile anayopungukiwa, hana alama hata moja kati ya hizo.

Tena, huyo tajiri asiyeonekana aweza kuwa ndiye msikilizaji wa maoni haya. Askari naye huweka akiba, na si kosa kununua pikipiki na kumpa kijana wa mtaani aiendeshe. Basi na ajiulize maswali ya majaji wale. Nani amepanga hesabu? Nani huamua siku ya kupumzika? Kijana akianguka kesho pale Musaga, nani atalipa hospitali? Ikiwa majibu mawili ya kwanza ni "mimi", na jibu la tatu ni "yeye mwenyewe", afisa au askari huyo anamtendea raia jambo ambalo asingevumilia kutendewa na kamanda wake.

Mambo ya kuanzia hayahitaji kungoja Geneva. Makubaliano yaandikwe, hata kwa karatasi moja, na kila upande ubaki na nakala. Hesabu ipunguzwe siku ambayo petroli haipo au barabara imefungwa, ili hasara igawanywe kama faida inavyogawanywa. Bima ya chombo iwe hai, na jina la dereva lijulikane. Vyama vya madereva, kama AMOTABU ya waendesha pikipiki, vina kazi ya kufanya hapa, na vyama vya wafanyakazi haviwezi kuwaita watu hawa wageni. Polisi naye, anapoandika taarifa ya ajali, aandike jina la aliyeshika usukani na jina la mwenye chombo pia, maana haki haiwezi kumfuata mtu ambaye jina lake halikuandikwa. Adhabu kwa mvunja sheria itolewe kama ilivyoandikwa, bila kupunguza wala kuongeza. Dereva aliyekwisha kukatwa na tajiri asikatwe tena na yule aliyewekwa kumlinda.

Iko siku programu za simu zitaenea Bujumbura kama zilivyoenea Nairobi na Dar es Salaam. Zitakuja na jina la mshirika, na vijana watalipokea kwa furaha. Nchi ambayo imekwisha kuzoea kuuliza nani anaamuru na nani anaumia haitadanganyika na jina hilo. Zoezi la kuuliza laweza kuanza leo, kwa pikipiki zilizopo, kwa bajaji zilizopo, na kwa kijana aliyesimama usiku huu katika foleni ya petroli akilinda nafasi yake.